Barua ya Wazi kwa Baraza la Mji Wetu: Pazia la Wazee Lirudi Ukutani

Kwa Waheshimiwa Madiwani,
Kamati ya Utamaduni, Maktaba na Makumbusho,
Baraza la Mji.

YAH: PAZIA LA MSAFARA, REKODI ZA SAUTI ZA WAZEE, NA NAFASI YA HISTORIA YA WATU WEUSI KATIKA MJI HUU

Waheshimiwa,

Salamu kwenu nyote. Rejeeni kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa niaba ya kikundi cha kushona kinachokutana kila Jumanne katika ukumbi ulio nyuma ya maktaba. Tuko ishirini na watatu, wengi wetu wanawake, na wengi wameshapita miaka sitini. Wapo waliozaliwa Uvira na Bukavu, Kongo, walioletwa Uingereza kwa mpango wa serikali wa kupokea wakimbizi ulioanza 2004. Wapo wa Barawa waliokimbia vita vya Somalia miaka ya 1990, ambao Chimiini chao na Kiswahili chetu ni ndugu wa damu. Wapo wa Jamaika na St Kitts waliokuja wakiwa vijana kuendesha mabasi na kuuguza wagonjwa. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na mji huu ndio nimeishi muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Barua hii ni ya nne. Tatu za mwanzo tuliziandika kwa Kiingereza na tukazipeleka kwa mkono hadi mapokezi. Ya kwanza ilijibiwa kwa mistari miwili: kwamba imefika, na kwamba tuombe tena Oktoba ijayo. Nyingine mbili hazikujibiwa kabisa. Nilipiga simu nikaambiwa ofisa husika yuko likizo; nilipopiga tena, kwamba amehama; nilipopiga mara ya tatu, kwamba nafasi yake haijapata mtu. Wazee wakaniambia, basi mwanetu, jambo hili litoke nje, kila mtu alisikie. Ndiyo maana leo naandika hadharani. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha iliyotawala mezani wakati pazia linashonwa, na kwa sababu wenye pazia wanataka kusoma wenyewe kila neno linalosemwa kwa niaba yao. Tafsiri ya Kiingereza mtaletewa pamoja na barua hii.

Kabla ya malalamiko nieleze pazia lenyewe, maana nina hakika baadhi yenu hamjapata kuliona likiwa limekunjuliwa.

Lina urefu wa mita nne na kimo cha mita mbili na nusu. Tulilikata kwa mfano wa kanga: pindo kuzunguka pande zote, mji katikati, jina chini. Anayeijua kanga anajua kwamba vitu hivyo vitatu vikikosekana kinabaki kitambaa cha kawaida. Ndani ya mji wa kanga tulishona mji wetu huu: mto, stesheni, hospitali, kiwanda cha soksi kilichofungwa, kanisa na msikiti. Na kwenye pindo, kutoka kona moja hadi nyingine, unatembea msafara.

Msafara huo ulikuwepo kweli. Tarehe 1 Mei 1873 David Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu aliokuwa nao waliutoa moyo wake wakauzika chini ya mti. Jacob Wainwright, kijana aliyeokolewa utumwani na kusomeshwa Nasik huko India, aliongoza sala na akachonga maandishi kwenye shina la mti huo. Kisha wakaukausha mwili kwa jua, wakaufunga, wakaubeba. Waliokuwa mbele ni Abdullah Susi na James Chuma. Walipofika upande wa Tabora walikutana na msafara wa Mwingereza Cameron, aliyewashauri wauzike mwili palepale. Wakakataa. Februari 1874 wakaingia Bagamoyo, baada ya mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500 kwa miguu.

Yaliyofuata ndiyo yaliyotufanya tushike sindano. Pwani walilipwa ujira wao wakaachwa waende zao. Wainwright peke yake ndiye aliyesafiri na jeneza hadi Southampton, na tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa waliolibeba ndani ya Westminster Abbey. Chuma na Susi waliletwa Uingereza baadaye, kwa nauli iliyotolewa na James Young, rafiki wa marehemu. Walifika mazishi yamekwisha. Isipokuwa Wainwright, watu waliobeba maiti miezi tisa hawakuwepo wakati inashushwa kaburini.

Walikaribishwa Newstead Abbey, Nottinghamshire, katika nyumba ambayo Livingstone aliwahi kuishi akiandika kitabu. Hapo walipigwa picha pamoja na Agnes, binti yake. Kwa mikono yao wakatengeneza mfano mdogo wa kile kibanda alichofia Livingstone. Na wakakaa na Horace Waller, mhariri wa shajara za mwisho za Livingstone, wakimfafanulia majina, mahali na matukio ambayo daftari peke yake lisingeweza kumweleza. Kwa hiyo mnaponiambia kwamba historia ya watu weusi katika sehemu hii ya Uingereza ilianza na Windrush, meli iliyoleta wahamiaji kutoka Karibi tarehe 22 Juni 1948, ninawaomba mhesabu upya. Wazungumzaji wa Kiswahili walikuwa hapa, wakifanya kazi ya historia na kazi ya mikono, miaka sabini na minne kabla ya meli ile kutia nanga Tilbury.

Tulikwenda Newstead kwa basi la kukodi, siku ya baridi. Tulipokuwa tunarudi, bibi yetu mmoja wa Barawa, ambaye huiita kanga leso na hakubali kusahihishwa, akauliza: "Na mpishi je? Miezi yote hiyo njiani, nani aliwapikia?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Tulirudi tukatafuta, tukampata Halima, mpishi wa Livingstone, aliyekuwa na msafara ule. Yumo kwenye pindo, kona ya chini kulia, sufuria kichwani. Bibi alimshona mwenyewe, akakataa kusaidiwa hata kutunga uzi.

Kaburi la Livingstone limeandikwa kwamba aliletwa na mikono miaminifu kupitia nchi kavu na bahari. Imeandikwa mikono. Majina hayamo. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ilitengeneza medali 60 kwa ajili ya watu wa msafara, lakini zilipokuwa tayari wengi walikuwa wameshatawanyika. Wazee walijadiliana Jumanne mbili nzima kuhusu jina la kanga yetu, na hatimaye wakakubaliana: WALIOBEBA WANA MAJINA.

Baada ya msafara wa Chuma na Susi, pindo linaendelea na wabebaji wengine, wa hapa hapa. Kuna meli. Kuna muuguzi mwenye saa iliyopinduliwa kifuani. Kuna familia imesimama uwanja wa ndege na ule mfuko mweupe wa plastiki wa IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, ambao kila mkimbizi aliyeletwa kwa mpango anaujua. Kuna basi jekundu, na basi hilo limekatwa kutoka kwenye koti la sare ya mzee wetu wa Jamaika, aliyeendesha mabasi ya mji huu miaka ishirini na saba. Mkewe alitaka mzee azikwe na koti lile. Mzee alichukua mkasi akakata mgongo wa koti, akasema afadhali watoto walione.

Sasa malalamiko yetu.

1. Pazia lilivyotunzwa.

Lilitundikwa ndani ya maktaba kuu tarehe mosi Oktoba, mwaka juzi. Meya alikuja, wanafunzi walikuja, picha zilipigwa na zilitumika kwenye kijitabu cha Baraza. Siku ya mwisho wa mwezi liliteremshwa. Tuliambiwa kwa maandishi kwamba litahifadhiwa "katika mazingira yanayofaa" hadi Baraza liamue mahali pake pa kudumu, na tukaamini.

Mwezi wa tatu uliofuata shule moja ya msingi iliomba kuliazima kwa wiki moja. Nikaenda kulichukua. Mfanyakazi kijana, mwenye adabu nyingi na asiye na kosa lolote, alinishusha hadi chumba cha chini ya jengo. Palikuwa na viti vilivyovunjika, mti wa plastiki wa Krismasi, na bomba linalotona. Pazia lilikuwa sakafuni, limekunjwa mara nne na kutiwa kwenye mifuko miwili ya taka, ile myeusi. Nilipofungua nilisikia harufu kabla sijaona kitu. Kuvu lilikuwa limeingia pindo lote la kushoto, madoa ya kijani na meusi. Uzi wa pamba ulikuwa umelegea. Lile basi lililokatwa kwenye koti la mzee lilikuwa limelowa chapachapa, na rangi yake imemwagika hadi kwenye mto ulioshonwa chini yake.

Nililipeleka nyumbani kwa teksi. Tulilianika kwa siku nyingi, tukalipiga brashi laini, tukafuata maelekezo ya mtaalamu wa vitambaa aliyekubali kutusaidia bila malipo. Sehemu kubwa imepona. Halima amepona. Basi halikupona. Nilimwambia mzee mwenyewe, kwa sababu sikutaka alisikie kwa mtu mwingine. Alikaa kimya, kisha akauliza kama kipande cha mkono wa koti kingetosha kushona jingine. Waheshimiwa, sijui kama nimewahi kuona haya kiasi kile kwa jambo ambalo sikulitenda mimi.

Hakuna aliyetuandikia kuomba radhi hadi leo.

2. Sauti za wazee.

Mradi huu ulikuwa na sehemu ya pili: kurekodi maisha ya wazee. Kampuni ya washauri iliyoajiriwa na Baraza ilikuja na vinasa sauti na fomu za ridhaa za Kiingereza, kurasa sita. Wazee walitia saini kwa sababu mimi niliwaambia hakuna tatizo, na kosa hilo nalibeba. Kumi na mmoja walirekodiwa, baadhi kwa Kiswahili, wengine kwa Chimiini. Tuliahidiwa nakala kwa kila familia ndani ya miezi mitatu.

Hakuna familia iliyopata. Wawili kati ya wale kumi na mmoja wamefariki. Mmoja alikuwa baba wa watoto watano, mtu wa Fizi, aliyesimulia kwa saa mbili jinsi walivyovuka Ziwa Tanganyika usiku hadi Kigoma. Watoto wake waliomba sauti ya baba yao waisikilize siku ya kumaliza matanga. Niliandika, nikapiga simu, nikaenda mwenyewe. Nikajibiwa kwamba hakimiliki iko kwa washauri na mkataba wao umekwisha. Matanga yalimalizwa bila sauti ile. Mpaka leo hakuna anayeweza kuniambia iko kwenye kompyuta ya nani.

Mzee akitoa habari za maisha yake ametoa amana. Kwetu amana hairithiwi na aliyekodiwa kuipokea.

3. Oktoba peke yake.

Tunauheshimu Mwezi wa Historia ya Watu Weusi. Tunajua ulikotoka: Marekani mwaka 1926 Carter G. Woodson alianzisha wiki ya historia ya watu weusi mwezi Februari, na Uingereza mwaka 1987 Akyaaba Addai-Sebo, Mghana aliyekuwa akifanya kazi London, akausukuma mwezi wa Oktoba uanze. Addai-Sebo ameeleza mara nyingi kilichomgusa: mtoto wa mfanyakazi mwenzake alimuuliza mama yake kwa nini yeye hawezi kuwa mweupe. Mwezi uliozaliwa na swali la mtoto ulikusudiwa kufungua mlango. Katika mji wetu umekuwa ndio chumba chenyewe, na tarehe 31 kinafungwa kwa ufunguo.

Barua yenu ya mistari miwili ilitutaka "tuombe tena nafasi kwa ajili ya Oktoba ijayo". Watoto wanaoingia maktaba Februari, Mei na Agosti ni walewale wa Oktoba. Mwanafunzi mmoja wa darasa la nne, mwenye wazazi kutoka Bujumbura, aliliona pazia, akasoma jina kwa sauti, akageuka na kumwambia mwalimu wake maana yake kwa Kiingereza. Mwalimu alituambia ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mtoto yule akisema darasani jambo ambalo wengine hawakulijua. Alirudi na mama yake tarehe 2 Novemba kumwonyesha. Ukuta ulikuwa mtupu.

4. Malipo.

Hili ni fupi. Mradi ulipata ruzuku. Mbunifu wa kijitabu alilipwa, mpiga picha alilipwa, washauri walilipwa. Washonaji ishirini na watatu, waliofanya kazi vipupwe viwili, walipewa chai na biskuti, na baadhi yao bado wanadai nauli za basi ambazo risiti zake ziko kwenu. Hatudai utajiri. Lakini mtu mwenye ujuzi wa mikono wa miaka hamsini ni fundi, na fundi hulipwa.

5. Kuitwa baada ya mazishi.

Tumesikia, kwa njia ya gazeti, kwamba makumbusho ya mji yatakarabatiwa na kwamba kutakuwa na sehemu ya "jamii zetu mbalimbali". Ramani zimeshachorwa. Hakuna mzee hata mmoja wa kikundi chetu aliyeulizwa. Bila shaka mwaliko wa ufunguzi utatufikia, kwenye kadi nzuri, na tutaombwa tuje tumevaa mavazi yetu. Mnielewe ninaposema kwamba wazee wetu wameshajifunza habari za Chuma na Susi, na wanajua maana ya kufika wakati shughuli imekwisha.

Najua yatakayosemwa, maana mengine nimeshaambiwa kwenye simu.

Mtasema fedha hakuna. Tunajua hali ya mabaraza nchini, tunalipa kodi hiyo hiyo. Ila pazia halikuharibiwa na ukosefu wa fedha. Rafu kavu ghorofa ya juu ilikuwepo. Nimeiona, ina maboksi ya karatasi tupu za uchapishaji. Karatasi zilihifadhiwa vizuri kuliko kazi ya wazee.

Mtasema kitambaa kikikaa ukutani mwaka mzima kitapauka na kuwa hatari ya moto. Hoja hiyo ni ya haki na tumeifanyia kazi. Mtaalamu aliyetusaidia ameandika ukurasa mmoja: ukuta usiopigwa na jua, taa hafifu, dawa ya kuzuia moto kwenye kitambaa cha nyuma, na kulipumzisha miezi miwili kila mwaka likiwa limeviringishwa kwenye bomba la kadibodi. Lisikunjwe, liviringishwe. Ukurasa huo uliambatishwa kwenye barua yetu ya pili.

Mtasema kuna watu watalichafua au kuliiba. Inawezekana. Leeds waliweka kibao cha kumkumbuka David Oluwale, Mnigeria aliyefia kwenye Mto Aire mwaka 1969, na Aprili 2022 kiliibwa siku ileile kilipozinduliwa. Mji haukusema basi. Kibao kingine kiliwekwa, na mwaka uliofuata ukasimamisha katikati ya mji sanamu kubwa ya ua la haibiskasi, kazi ya Yinka Shonibare, kwa kumbukumbu ya mtu huyo huyo.

Mtasema hii ni kazi ya ridhaa, haijafikia kiwango cha makumbusho. Nendeni Bristol. Watu saba walioanzisha sherehe za St Pauls mwaka 1968 wamechorwa na Michele Curtis kwenye kuta za nyumba, kwenye mitaa ileile walikoishi, mvua na jua, Januari hadi Desemba. Miongoni mwao wamo Roy Hackett na Owen Henry, ambao mwaka 1963 walikuwa katika harakati za kususia mabasi zilizolazimisha kampuni ya mji kuajiri watu weusi na Waasia kuwa madereva na makondakta. Mzee wetu wa koti aliajiriwa kuendesha basi miaka michache baadaye, na husema wazi kwamba usukani ule alikabidhiwa na watu wa Bristol. Nendeni Cardiff mkaione sanamu ya Betty Campbell, mwalimu mkuu wa kwanza mweusi wa Wales, iliyozinduliwa Septemba 2021 mahali ambapo kila anayetoka stesheni anaipita. Wananchi walimchagua kwa kura. Hakuna aliyewauliza kama kura zao zina kiwango.

Na mtasema subirini, mambo yanakwenda hatua kwa hatua. Hazina ya Kumbukumbu za Watu Weusi ya Brixton ilianzishwa na wanajamii mwaka 1981, na ikapata jengo lake la kudumu pale Windrush Square mwaka 2014. Hiyo ni miaka 33. Mshonaji wetu mdogo kuliko wote ana miaka hamsini na minne. Mkubwa ana tisini na mmoja. Fanyeni hesabu hiyo nasi.

Lipo moja la mwisho ambalo aliniambia mtu wa ofisi yenu, kwa upole kabisa: kwamba Livingstone na wabebaji wake "si historia ya hapa". Nimelifikiria sana neno hilo. Livingstone ana sanamu na mitaa yenye jina lake kote Uingereza, na sijasikia mtu akiuliza kama yeye ni wa hapa. Waliombeba wakiingia kwenye pindo la kanga ndipo swali linaulizwa. Na hata tukiwaweka kando Chuma na Susi, nusu ya pindo ni hospitali yenu, mabasi yenu na kiwanda chenu cha soksi, na watu waliovifanyia kazi. Kama hao si wa hapa, nani wa hapa?

Tunayoomba ni haya.

(a) Pazia la Msafara litundikwe mahali pa kudumu katika jengo la umma linalofunguliwa kila siku, kwa masharti ya utunzaji tuliyokwisha kuwapa. Maktaba kuu, ukuta wa ngazi, ndiyo chaguo letu. Pembeni yake kiwekwe kibao chenye majina ya washonaji wote ishirini na watatu, yameandikwa kama wenyewe wanavyoyaandika.

(b) Rekodi zote kumi na moja zitafutwe na kurudishwa. Kila familia ipate nakala, kikundi kipate nakala, na hakimiliki irudi kwa waliosimulia na warithi wao. Familia ya mzee wa Fizi wapewe kwanza, kabla ya mambo mengine yote yaliyomo kwenye barua hii.

(c) Baraza liombe radhi kwa maandishi kwa uharibifu wa pazia. Barua hiyo aandikiwe mzee mwenye koti kwa jina lake, na ipelekwe nyumbani kwake na diwani wa kata yake.

(d) Nauli zilipwe. Miradi ijayo ya sanaa ya jamii iwe na malipo ya mafundi wa jamii kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, na fomu za ridhaa ziwe kwa lugha anazosoma mtu anayetia saini.

(e) Wazee wawili wa kikundi chetu, wanaochaguliwa na kikundi chenyewe, wakae kwenye kamati ya ukarabati wa makumbusho sasa, wakati ramani bado zinaweza kubadilishwa.

Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku thelathini. Tuko tayari kuja kwenye kikao chenu na kujibu maswali, na mkalimani tunaye. Tuko tayari pia kuwapokea: kila Jumanne, saa nne asubuhi hadi saa saba mchana, katika ukumbi nyuma ya maktaba. Njooni mkiwa na nafasi ya kukaa, maana wazee hawatakubali muondoke bila chai.

Kwa sasa pazia liko nyumbani kwangu, limeviringishwa kwenye bomba la kadibodi na kufunikwa shuka jeupe, juu ya kabati, mbali na hita. Pindo la kushoto bado linashonwa upya. Mzee ameshaleta ule mkono wa koti.

Wenu katika ujenzi wa mji huu,

Mratibu,
kwa niaba ya washonaji wa Pazia la Msafara na familia za wazee waliorekodiwa.

Nakala:
Mheshimiwa Meya
Diwani wa kata
Walimu wakuu wa shule za msingi zilizoliona pazia
Ubao wa matangazo, maktaba kuu